Sekunde Kumi na Moja za Kabambare: Somo la Kukata Dondoo za Video

Dondoo ninayoizungumzia ina sekunde 11. Mzee mmoja wa Kabambare ameketi chini ya mwembe, kofia mkononi. Anasema kwamba watu wa Kabambare hawajui Kiswahili, wanakivunja tu kama mtungi, kisha anacheka. Picha imetulia, sauti ni safi, wala hakuna neno lililokatwa katikati. Niliikata mimi mwenyewe, ndani ya kivinjari, kwenye kompyuta ya kukodi mjini Kasongo, na nilipoimaliza nilijiona fundi. Siku nne baadaye mzee yule aliulizwa na jirani yake, mbele ya watu waliokuwa wanatoka kusali, tangu lini ameanza kuwatukana wa kwao.

Hakuwatukana. Alikuwa anawanukuu wanaowatukana, ili awajibu. Jibu lake lilibaki kwenye faili kubwa, ndani ya simu yangu.

Wengi wetu katika kitivo hiki tunatumwa kukusanya usemi wa maeneo yetu, na siku hizi hakuna mhadhiri anayeridhika na daftari tupu. Anataka dondoo fupi ya kuonyesha darasani, na wenzetu wanataka ya kutumiana kwa simu. Kwa hiyo nimeandika somo hili kwa ajili ya mwanafunzi anayeanza kazi hiyo. Sehemu ya kwanza ni ya ufundi na nitaipita haraka. Sehemu ya pili inahusu mahali pa kuweka mkasi, na hapo suala linakuwa la sarufi kuliko la kompyuta.

Kifaa chenyewe

Kihariri video cha kwenye kivinjari hakihitaji kusakinishwa. Unafungua ukurasa, unaweka faili, unakata, unahifadhi kipande. Kwa mtu anayetumia kompyuta ya kukodi hilo ni jambo kubwa, maana mwenye mashine hatakuruhusu kusakinisha programu, lakini kivinjari kipo tayari. Hata hivyo chini ya jina hilo moja kuna vifaa vya aina mbili vinavyotofautiana sana kwa mtu anayenunua mega kwa hesabu.

Aina ya kwanza hupeleka faili yako yote kwenye kompyuta za mbali, huko ndiko inakokatwa, kisha wewe unapakua kipande. Aina ya pili hufanya kazi yote ndani ya kompyuta uliyoketi mbele yake. Kinachotoka kwenye mtandao ni ukurasa tu. Clipchamp, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2021, ni ya aina hii ya pili. Nyingine ndogondogo za bure zinatumia FFmpeg, programu ya zamani ya kushughulikia video iliyoanzishwa mwaka 2000, ambayo sasa imegeuzwa iweze kukimbia ndani ya kivinjari. Namna ya kuzitofautisha ni rahisi na haikudai usome masharti yao marefu: fungua ukurasa, subiri umalize kujipakia, kata intaneti, kisha jaribu kuweka faili na kuikata. Zile zinazofanya kazi papo hapo mara nyingi zitaendelea kukata. Zile za mbali zitalalamika mara moja.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye hesabu. Simu inayorekodi kwa ubora wa 1080 inaweza kuandika takribani megabiti 17 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 60, gawanya kwa 8, unapata karibu megabaiti 128 kwa dakika. Mazungumzo yangu na mzee yalikuwa ya dakika 40, yaani gigabaiti 5 na ushee. Hakuna mwanafunzi wa Kasongo atakayepakia gigabaiti 5 ili apate sekunde 11. Tena vihariri vingine vya papo hapo hukataa faili inayozidi gigabaiti 2, kwa sababu kivinjari kina mpaka wa kumbukumbu. Ilibidi kwanza nigawanye faili kwenye simu katika sehemu tatu, ndipo kompyuta ikaipokea ile niliyoitaka. Tangu siku hiyo ninarekodi kwa ubora wa 720. Kwa sura ya mtu anayezungumza inatosha kabisa, na chaji inadumu zaidi.

Kipande kinachotoka ni kidogo. Ukihifadhi picha kwa megabiti 1 kwa sekunde na sauti kwa kilobiti 96, dakika nzima haifiki megabaiti 9. Hifadhi kama MP4, maana ndiyo inayofunguka kwenye karibu kila simu. Wala usibane sauti ili uokoe picha. Sisi ni watu wa lugha, picha ikiwa na ukungu kidogo tutavumilia.

Jambo moja la ufundi linamgusa mwanaisimu moja kwa moja. Video haihifadhiwi kama mfululizo wa picha kamili. Kila baada ya muda kuna fremu moja kamili, na zinazofuata huandika mabadiliko tu hadi fremu kamili nyingine. Kihariri kinachokata kwa kunakili tu, bila kuisimba video upya, hakiwezi kuanza popote unapotaka; kinaanza kwenye fremu kamili iliyo karibu. Kwenye simu nyingi hiyo huja kila baada ya sekunde moja hivi. Sekunde moja ni silabi tano au sita. Ukichagua kuanzia kwenye neno fulani, unaweza kujikuta umepewa mkia wa sentensi iliyotangulia, au umekosa kiambishi kilichobeba ukanushi. Ndiyo maana ninashauri kuisimba upya hata kama inachukua muda, na kuacha nusu sekunde ya ziada kila upande.

Mengine utajifunza kwa kuumia. Kompyuta ya kukodi ikifutwa historia ya kivinjari, kazi uliyoiacha nusu inakwenda nayo. Mimi niliipoteza mara moja, jenereta ilipozimika na kijana wa zamu akasafisha mashine asubuhi.

Kimya si nukta

Nilijifunza mahali fulani, na huenda nawe umefundishwa, kwamba njia salama ya kukata usemi ni kutazama mawimbi ya sauti chini ya picha na kuweka mkasi pale yanapolala. Ni ushauri mzuri kwa masikio. Dondoo inaanza pole, inaisha pole, hakuna anayekatizwa. Vihariri vingine vimeupenda ushauri huo hadi vikatengeneza kitufe cha kuondoa kimya chote kwa mpigo mmoja.

Sasa tazama kile ambacho mzee alisema. Nimekinukuu kama kilivyotamkwa, dakika na sekunde zikiwa kando:

22.38 Minasema na wewe, mutoto yangu. Kule Kasongo kuko batu banasema, banasema...
22.43 (kimya)
22.46 Watu wa Kabambare hawajui Kiswahili. Wanakivunja tu, kama mtungi.
22.53 (anacheka)
22.57 (kimya, anakunywa maji)
23.04 Haya. Basikie sasa. Ile njia ya kutoka Tanganika ilipita wapi? Ilipita hapa kwetu.
23.13 Kiswahili kililala hapa kwetu kwanza, asubuhi njo kikaenda Kasongo.
23.20 Sasa mwenye alilaza mugeni, njo hajui luga ya mugeni?
23.25 (mwisho wa zamu)

Kuna vimya viwili. Kimoja kiko kabla ya tusi, kingine baada ya kicheko. Nilifuata mawimbi, nikakata kwenye vyote viwili, nikapata sekunde 11 zisizo na doa. Kitenzi kinachosema maneno haya ni ya nani, yaani banasema, kilibaki upande wa pili wa kimya cha kwanza. Jibu lilibaki upande wa pili wa kimya cha pili. Mkasi ulipita mahali pasafi mara mbili, na mara zote mbili ulitenganisha kauli na mwenyewe.

Katika darasa la sarufi tunafundishwa usemi halisi kwa alama za kunukuu: fungua, funga, na kabla yake alisema. Kwenye karatasi alama hizo zinashikamana na maneno yaliyonukuliwa. Mdomoni sivyo. Msimulizi hodari hutanguliza kitenzi cha kusema, hunyamaza ili wasikilizaji wajiweke sawa, ndipo hulitoa neno la mtu mwingine. Kimya kile ndicho alama yake ya kufungua. Ni sehemu ya nukuu. Anayekata hapo anaibandua alama ya kunukuu na kuiacha ukutani.

Mzee angeweza kutumia ati, au eti ya watu wa pwani. Neno dogo kama hilo husafiri na nukuu: ati watu wa Kabambare hawajui Kiswahili. Lingeingia kwenye dondoo hata kwa mkataji mzembe, na msikilizaji angejua kwamba msemaji haungi mkono anayoyasema. Hakulitumia. Hakulihitaji, kwa sababu alikuwa na njia nyingine, na hiyo ndiyo iliyonipita kabisa.

Wa- na ba-

Msomaji wa makini ameshaiona. Mzee anapozungumza kwa nafsi yake anasema batu, banasema, basikie, mutoto, mugeni. Katika sekunde zile 11, na humo tu, anasema watu, hawajui, wanakivunja, mtungi.

Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ambacho vitabu vya zamani vinakiita Kingwana, kwa kawaida huweka ba- pale ambapo Kiswahili sanifu kina wa- katika ngeli ya watu, kama zifanyavyo lugha nyingi za jirani. Vilevile hupenda mu- yenye irabu kamili pale ambapo sanifu ina m- tupu. Kila mmoja wetu anajua hayo tangu mwaka wa kwanza, na mara nyingi tunayataja kama orodha ya tofauti: huku hivi, kule vile. Lakini mzungumzaji wa kweli hana orodha moja. Ana zote mbili, na anazitumia. Mzee alikuwa anaigiza. Alijitwisha sauti ya mtu anayejiona muungwana kuliko wenzake, na kiambishi wa- kilikuwa kanzu ya huyo mtu. Alipomaliza kucheka aliivua: Haya. Basikie sasa. Kwa lugha ya darasani, badiliko la kiambishi cha ngeli lilifanya kazi ya alama za kunukuu.

Mbona sikuliona? Kwa sababu nilichagua dondoo kutoka kwenye unukuzi wangu, sikuichagua kutoka kwenye sauti. Na katika unukuzi nilikuwa nimeshasanifisha kila kitu. Nilipoandika, mkono wangu uligeuza batu kuwa watu, banasema kuwa wanasema, mutoto kuwa mtoto, kwa ile tabia njema tuliyofundishwa shuleni ya kuandika Kiswahili kizuri. Kwenye daftari langu mzee alikuwa na sauti moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ushahidi niliufuta mimi kwa kalamu kabla sijafika kwenye kompyuta. Baadaye, kwa udadisi, nilijaribu chombo kinachoandika maneno chenyewe, nacho kikafanya kosa lilelile: karibu kila aliposema batu kiliandika watu. Hakikufundishwa na sisi, lakini kimesoma shule ileile.

Tena kosa halikuishia kwenye kumwondolea mzee kinga. Lilimwongezea uzito wa shtaka. Watu wa Kabambare walioiona dondoo kwenye simu hawakusikia uigizaji, kwa sababu spika ndogo ya simu haikuleta badiliko la kidatu cha sauti yake. Walichosikia ni wa-. Wakasema: tazama, ameenda kukaa na watu wa kitivo, sasa anatusema, tena kwa lugha ya wale wanaotudharau. Dada yake peke yake, nilikuja kuambiwa, alisikiliza mara moja akasema huyu anaigiza, mpeni simu yote. Hakuna aliyekuwa na yote.

Kwenda Kabambare

Nilikwenda kwa pikipiki, baada ya mvua, na sitasimulia njia. Nilimkuta chini ya mwembe uleule. Nilianza kuomba radhi kama inavyopasa, nikiwa nimechuchumaa, Papa unisamehe, nimekosa. Akaniachia nimalize. Kisha akataka kuona.

Nilimwonyesha kwanza zile sekunde 11. Alitazama bila kusema neno. Halafu nikamwonyesha dakika nzima, kuanzia mahali aliponiita mutoto yangu. Alipofika kwenye mgeni aliyelala, alitabasamu kidogo kwa maneno yake mwenyewe, kama mtu aliyekutana na rafiki. Nikamwambia nitaifuta ile fupi. Akacheka kweli safari hii.

“Utaifuta wapi? Iko kwa simu ya batu. Ile imeisha kuenda. Leta ingine, murefu.”

Nikamuuliza kama ananiruhusu niitume. Akasema ataniambia akishaiona imekwisha kukatwa, si kabla. Hili ninaliweka hapa kama sehemu ya somo, kwa sababu nilikuwa na karatasi yake ya ridhaa. Aliniruhusu kurekodi, na aliniruhusu kutumia mazungumzo kwa masomo. Lakini ridhaa ya dakika 40 haiwi ridhaa ya sekunde 11 zilizotolewa humo. Zile 40 alizijua, alizitamka yeye. Zile 11 zilitengenezwa na mtu mwingine, na hakuwahi kuziona mpaka alipoulizwa na jirani. Tangu hapo kila dondoo ninaikamilisha kwanza, namrudishia msemaji, naye anaamua akiwa na kitu chenyewe mkononi. Ni usumbufu. Wakati mwingine ina maana ya safari ya pili kwa sekunde chache. Wenzangu wawili wanaona ninazidisha, na wanaweza kuwa na haki kwa dondoo ya mtu anayetaja majina ya samaki. Kwa mtu anayezungumza juu ya majirani zake, sibadiliki.

Dondoo ya pili inaanza 22.38 na kuisha 23.25. Ni sekunde 47, megabaiti 6 na kitu. Niliacha vimya vyote viwili mahali pake, pamoja na maji anayokunywa. Sekunde saba za mtu anayekunywa maji zinamchosha mtazamaji wa simu, najua, lakini bila hizo Haya. Basikie sasa haina kishindo. Maandishi ya chini nimeyaandika kama alivyotamka, ba- ikiwa ba- na wa- ikiwa wa-. Mstari wa 22.46 nimeuweka ndani ya alama za kunukuu na kwa herufi za mlazo. Nilisita kuhusu herufi za mlazo, kwa sababu ni kumfafanulia msikilizaji kile ambacho mzee alikiacha wazi kwa makusudi. Lakini mzee alizoea kusema na watu wanaomjua, na simu inakwenda kwa wasiomjua. Jambo dogo la vitendo: usizidishe herufi 40 hivi kwa mstari, na usigandishe maandishi kwenye picha kabla msemaji hajakubali. Yaweke kwenye faili ya pembeni ya aina ya SRT, ambayo ni maandishi matupu yenye namba, saa ya kuanza na saa ya kuisha. Hiyo unaweza kuirekebisha kwa programu yoyote ya kuandikia, bila kuigusa video.

Ile ya kwanza ilikuwa imesambaa kwa siku nne. Hii ya pili haikufika nusu ya hapo. Mzee anasema jirani yake ameiona, na hilo ndilo alilotaka.

Njia ilipita wapi?

Ningekuwa nimekosea tena kama ningeishia kwenye ufundi na kusahau alichokisema. Dondoo bora katika mazungumzo yale ilikuwa hoja ya historia, na niliitupa ili nibaki na kicheko.

Hoja yake ina nguvu. Misafara ya biashara iliyotoka Ujiji na kuvuka ziwa Tanganyika ilipitia Kabambare kabla ya kufika Kasongo na Nyangwe kwenye Lualaba. David Livingstone, ambaye katika maandishi yake anapaita Bambarre, alikwama hapo kwa miezi mwaka 1870 akiuguza vidonda vya miguu, wakati wafanyabiashara wa pwani na watu wao walikuwa wanapita na kurudi. Alifika Nyangwe Machi 1871 tu. Anayedai kwamba Kiswahili kililala Kabambare kwanza anasimama juu ya njia iliyopo kwenye ramani.

Hata hivyo siyo njia pekee. Tippu Tip, aliyeifanya Kasongo kuwa makao yake katika miaka ya 1870, hakuja kwa kupitia Kabambare. Alizungukia kusini ya ziwa, akapita Urua, akaenda hadi kwa Watetela, ndipo akaingia Kasongo. Tunajua hayo kwa kinywa chake mwenyewe, kwa kuwa alisimulia maisha yake kwa Kiswahili na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, W. H. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza baada ya nusu karne. Kwa hiyo huenda mgeni wa mzee aliingia nyumbani kwa milango miwili. Wala sisahau kwamba mgeni huyo hakuja peke yake. Alikuja na bunduki na minyororo, na watu wengi wa Maniema waliondoka kwa njia hiyohiyo aliyoijia. Mzee analijua hilo. Dakika ya 31 analizungumzia kwa kirefu, na hiyo sijathubutu kuikata popote.

Msimu wa 2024/25, AS Maniema Union ya Kindu ilipofika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika pamoja na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR, sisi tulio mbali na viwanja tuliziona mechi hizo zaidi kwa vipande vya simu. Hakuna aliyedanganyika sana, kwa sababu vipande vya mpira vina matokeo. Ukinionyesha bao na ukakata kabla mshika kibendera hajainua mkono, nitashangilia bure, lakini jioni nitaona matokeo na kujua. Usemi wa mtu hauna ubao wa matokeo. Mwenye kuona sekunde 11 hana pa kwenda kuthibitisha isipokuwa kwa mkataji, ndiyo maana mkataji analazimika kuacha alama. Kwenye jina la faili ninaandika sasa mahali, mwaka, namba ya msemaji, na dakika ya kuanza na kuisha katika faili kuu, na faili kuu haifutwi hata simu ikijaa. Anayetaka kunipinga ajue aanzie wapi.

Kwa wale watakaofanya unukuzi mrefu, ELAN, programu ya bure ya Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, bado ni bora kwa kuunganisha maandishi na saa. Inahitaji kusakinishwa, kwa hiyo tafuta kompyuta ya rafiki. Nukuu kwanza, kata baadaye. Mimi nilikwenda kinyume.

Mazoezi

1. Tumia unukuzi wa 22.38 hadi 23.25 hapo juu. Umepewa sekunde 30 tu. Utaanzia wapi na kuishia wapi? Ikiwa huwezi kuuweka mstari wa 22.46 pamoja na kitenzi chake cha kusema na walau sentensi moja ya jibu, je, utautoa mstari huo kabisa? Toa sababu.

2. Rekodi mtu wa kwenu akisimulia ugomvi aliousikia, dakika tano tu. Nukuu bila kusanifisha. Orodhesha kila mahali anapochukua sauti ya mtu mwingine, na ueleze kinachoonyesha: kitenzi, neno kama ati, kimya, kidatu, kiambishi, au kingine. Ni ngapi kati ya hizo zingepotea kama ungeandika kwa Kiswahili sanifu?

3. Katika 23.20 mzee anatumia mwenye kwa kuunda kishazi rejeshi, na njo kwa kukazia. Andika sentensi hiyo kwa Kiswahili sanifu kwa namna mbili tofauti. Kisha msomee mtu mzima wa Kasongo au Kabambare zote tatu, na uandike anacheka kwenye ipi.